Nimepanda Kilima Chetu Siku ya Hitma Yako

Dada yangu Zuhura,

Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali. Mimi nashindwa kuanzia hapo, maana kabla ya hali yako nataka kujua kama upo. Namba yako ya Maskati haipatikani tangu mwanangu Rehema hajazaliwa, na sasa Rehema anasoma darasa la tatu. Sina anwani ya kukutumia, ndiyo maana nakuandikia hadharani, mbele za watu. Huenda mmoja wao anakujua.

Jumapili iliyopita tulikuwa tukusomee hitma.

Ilikuja hivi. Baba Mkubwa alifika Boko kutoka kwake Temeke, akakaa sebuleni kwenye kiti cha marehemu baba, akasema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyabeba siku nyingi. "Tumsomee tu huyu mtoto, apumzike. Na sie tupumzike." Mama alikuwa anakunja kanga. Akaikunjua, akaikunja tena. Kimya chake kikahesabiwa kuwa ameridhia, siku ikapangwa.

Asubuhi ya siku yenyewe turubai lilishafungwa uani, majirani wameshaleta masufuria, na mimi nikapewa ungo nichambue mchele wa pilau. Nilichambua weee, hadi Mama Ashura wa jirani aliponishika mkono. "Salma, unatupa mchele unabakiza chuya." Kweli. Nikaweka ungo chini, nikajifunga kanga vizuri, nikatoka kwa mlango wa nyuma bila kumuaga mtu. Sikuwa na mpango. Nilipovuka barabara ya Bagamoyo ndipo nilipojua ninakokwenda.

Unakikumbuka kilima? Nasema kilima, ingawa wewe mbele ya wenzetu ulikuwa unakiita mlima ili tuonekane wakali. Jumamosi tukitoka madrasa ulinishika mkono, tukapita kwenye mikorosho, tukapanda. Ulikuwa mbele siku zote. Nilikijua kile kilima kwa visigino vyako: vyeupe kwa vumbi, kimoja kina kovu la kigae. Nikichoka nikataka kukaa, ulinivuta. "Usikae. Ukikaa miguu inasahau." Tulichuma mabungo, tukayala kwa chumvi na pilipili uliyoifunga kwenye kipande cha gazeti, mpaka midomo ikawaka moto. Siku niliyochomwa na mwiba ulinilaza chali kwenye majani ukautoa kwa pini ya mtandio wako, na muda wote ukawa unanisimulia harusi yako: bwana harusi atakuwa rubani, na mimi nitakaa mbele kabisa kwenye ndege. Mwiba ulitoka sina habari.

Kule juu kulikuwa na jiwe pana. Tukisimama pale tuliiona bahari yote kuanzia upande wa Mbezi Beach. Mimi nilikuwa natafuta paa la nyumba yetu katikati ya minazi, nikiliona roho inatulia. Wewe ulikuwa unauliza ng'ambo kuna nini. Kwa akili yangu ya utoto nilidhani tunatazama kitu kimoja.

Jumapili ile sikuiona njia. Pale mikorosho ilipoanzia pana ukuta, na baada ya ukuta ukuta mwingine, umepandwa vipande vya chupa juu. Nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaingia kichochoro, kikaishia kwenye geti jeusi. Mama mmoja wa makamo alikuwa nje ya geti anamwagilia maua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatafuta nyumba ya nani?"

"Sitafuti nyumba. Natafuta njia ya kwenda juu."

Akageuka akapatazama huko juu kana kwamba hajawahi kupatazama. "Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa napandaga na dada yangu, utotoni."

Akafunga bomba. "Na yeye yuko wapi siku hizi?"

"Yuko Maskati," nikasema. "Anafanya kazi."

Zuhura, nyumbani watu walikuwa wanakukatia vitunguu vya hitma, na mimi namwambia mtu nisiyemjua kwamba uko kazini. Sikuwa nadanganya. Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kama mtu anavyotaja mtaa anaokaa. Nikajisikia mwenyewe nikilisema, nikajua kwamba miaka yote hii sijawahi kuamini lingine.

Yule mama hakuuliza zaidi. Alinifungulia geti, akanipitisha uani kwake chini ya kamba za nguo, akanitolea kwa mlango mdogo wa nyuma. "Ukishuka gonga," akaniambia. "Mie nipo."

Juu jiwe halipo. Wamelipasua, nadhani, liko ndani ya msingi wa pagale la ghorofa lililosimama pale na nyasi zimeota ndani. Nikapanda ngazi zake za zege. Bahari nikaiona, kupitia tundu la dirisha lisilo na fremu. Nilitegemea nitatulia, nitalia kidogo, nitarudi. Wapi. Nilitoka dirisha hili nikaenda lile, nikarudi la kwanza. Niliwaza: kama amekufa, kisomo ni haki yake, mimi ni nani nimnyime? Halafu nikawaza: kama yu hai, basi mahali fulani sasa hivi anamkorogea uji mtoto wa mtu, na mama yake huku anamzika bila mwili. Kila nikilishika moja, la pili linanivuta. Nikashindwa kusimama mahali pamoja. Nikashuka mbio, kandambili mkononi, mtu mzima kama mimi.

Nilipofika sheikh alishakuja, wanaume wamekaa mikekani. Mama nilimkuta chumbani, ameketi kitandani, buibui amelivaa mkono mmoja tu.

"Mama, mie sitasoma," nikamwambia. "Dada hajafa. Na kama kafa, sie hatujui."

Akanitazama miguu, vumbi hadi magotini. "Umetoka kilimani," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, taratibu, "Nilikuwa nangoja aseme mtu. Nikisema mimi wataona mama mtu kachanganyikiwa."

Akamalizia kuvaa, akatoka hadi pembeni mwa turubai. Unamjua mama, hasemi mbele ya wanaume. Siku ile alisema.

"Sheikh, samahani. Mwanangu msimsomee hitma. Mwombeeni dua ya msafiri."

Baba Mkubwa akainua kichwa. "Shemeji, si tulikubaliana?"

"Mlikubaliana nyie."

Baba Mkubwa akamgeukia sheikh. Sheikh ni kijana, alihamia msikiti wetu baada ya wewe kuondoka, hakuwahi kukuona. Aliuliza kama yupo aliyekushuhudia umekufa, au aliyeletewa habari na mtu wa kuaminika. Hakuna aliyejibu. "Basi tumwombee msafiri," akasema, akafungua viganja.

Baba Mkubwa alikuwa wa mwisho kuinua mikono. Pia alikuwa wa mwisho kuishusha. Pilau ililiwa yote, na mama, ambaye tangu siku ilipopangwa alikuwa anaonja tu, alimaliza sahani yake.

Sasa usidhani tumepata raha. Hitma ingetufungia mlango, tungelia, tungezoea. Tulichochagua hakina mwisho. Simu ikiita kwa namba ngeni naidaka kabla ya mtu mwingine. Nikiona mwanamke mrefu kwenye foleni ya benki naenda kumtazama usoni. Mara nyingine nakukasirikia: kama ni aibu iliyokunyamazisha, au mume, au mabosi, au umetuchoka tu, ungesema. Kama hutaki kutafutwa, sema hilo pia. Mtume mtu yeyote aniambie, "Zuhura kasema yupo," asitaje mji, na mimi sitauliza.

Popote ulipo, ule ushibe, ulale salama, na asikutese mtu. Na kama uko chini ya udongo na mimi ndiye niliyekunyima kisomo chako, nitajibu mwenyewe mbele ya Mungu. Nitamwambia nilishindwa kukuita marehemu.

Ni mimi mdogo wako,
Salma