Tucker Kapasi, Ashlyn Kafeli

Chela, shoga yangu, niko ndani ya gari nje ya shule, najificha.

Si unajua tulivyohama mtaa wetu, ambako hata mbwa wanabweka Kihispania, tukaja huku kwa Wazungu kwa ajili ya hii shule? Eti wanafundisha kwa Kihispania! Leo watoto wamepimwa Kihispania chao.

Ashlyn wangu kaulizwa jina. Kakodoa macho tu. Mwalimu, Mzungu wa watu, akaniuliza kwa upole, "Pole mama, nyumbani hamna anayekijua?"

HAMNA! Mimi, binti wa Doña Eulalia!

Kaingia Tucker wa jirani, nywele rangi ya mahindi. Katiririka kama maji! Mwalimu alipokawia kumpa peremende ya zawadi, Tucker akamwambia, "Harakisha, mwanangu, hata watakatifu huchoka kungoja!"

Chela, hayo maneno ni ya mama yangu! Ndiye anayemlea Tucker mchana, tangu tuhamie.

Nikampigia mama simu nikifoka. Anacheka!

"Wale waliniomba niongee na mtoto wao Kihispania, nikaongea. Wewe ulinikataza nisimchanganye wako kwa lugha mbili, nikanyamaza. Sasa nimekosa kwa nani?"