Magari Kumi na Manne Kwenye Kona ya Baba

Jumanne, 14 Aprili 1998

Asubuhi ya baridi, upepo wa kaskazini, mawingu mepesi. Mto umepanda inchi nne tangu Ijumaa.

Duane, fundi wetu wa udongo, kaanguka kutoka kwenye trela na kuvunjika mguu. Kwa hiyo Bwana Osterloh, mkuu wa ofisi yetu ya hifadhi ya udongo, kaja mezani kwangu kunitangazia kwamba nitafundisha mimi. Darasa la tano, vipindi viwili, mmomonyoko wa kingo za mto. Nikamkumbusha kuwa mimi ni karani. Akasema miaka ishirini na sita ya kupiga chapa ripoti za mmomonyoko ni shahada tosha. Hakuwa anatania. Ndiyo tabu yake.

Kifaa chenyewe: trei ya bati ndefu kama kitanda, imejaa mchanga, na pampu ndogo ndani ya ndoo. Unachimba mto wenye kona mbili, unafungulia maji, mto unafanya yake. Kuna kitabu cha mwalimu, kurasa arobaini. Nimekisoma chote. Ukurasa wa 31 una maswali ya kufungia somo. Swali la nne: "Suluhisho lako limempelekea nani tatizo?" Nimeliwekea alama ya penseli — la kuruka muda usipotosha.

Jumatano, 15 Aprili

Jua, umande mzito. Mto umeshuka inchi moja.

Watoto kumi na tisa. Mwalimu wao, Bi Schroer, alikaa nyuma akisahihisha madaftari na kunitazama kama mtu anayesubiri sahani ivunjike.

Maji yalipofunguliwa ukingo ukabomoka vipande vipande, watoto wakafurahi mno. Nilitegemea huzuni kidogo. Kisha kazi: kila kundi lipewe kijumba cha plastiki kwenye kona ya juu na likilinde kisianguke. Vifaa ni mawe madogo, vijiti vya aiskrimu, sifongo, vitawi vya mierebi. Cody Pesek akauliza kama wanaweza kuleta vifaa vya nyumbani. Kitabu kinasema mhandisi mzuri hutumia kilichopo. Nikasema ndiyo. Akacheka peke yake. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Halafu kaniuliza mbele ya wote: "Bi Ardis, eti kwenu kuna magari yamezikwa?"

"Hayajazikwa," nikamwambia. "Yamepangwa."

Ni kweli yamepangwa. Mwaka 1966 Baba alichukua magari mabovu kumi na manne, akayalaza kwenye ukingo wa kona yetu, pua kwa mkia, akayafunga kwa kamba ya chuma na kuyafunika udongo. Mto uliokuwa ukila shamba letu la bondeni ukaacha. Wakulima wengi wa huku walifanya hivyo. Ofisi yetu ilimpa cheti, na picha yake imetundikwa juu ya meza yangu hadi leo: Baba kasimama juu ya boneti, mikono kiunoni, kama aliyeshinda mieleka.

Ijumaa, 17 Aprili

Mawingu. Ukungu bondeni mpaka saa tatu.

Kipindi cha pili. Niandike kwa utaratibu.

Cody alikuja na soksi imejaa vigari vya kuchezea. Kumi na vinne. Alimuuliza babu yake idadi kamili. Kundi lake likavipanga kwenye kona ya juu, pua kwa mkia. Nikafungulia maji. Mawe ya kundi la kwanza yalikuwa yamehama, sifongo za kundi la pili zilielea, lakini vigari vya Cody havikutikisika. Dakika sita nzima. Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, niseme ukweli.

Ndipo Brenna Gerdes akasema, "Nyumba yangu imeanguka."

Brenna ni binti wa Roland, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, kona moja chini ya yetu. Nilikuwa nimempa kazi ya kupima ukingo wa ng'ambo kwa rula, kwa sababu ana mwandiko mzuri na hapigi kelele. Kosa la pili.

"Nyumba gani?" Cody akauliza. "Timu yetu ina moja tu."

"Hii. Nimekuja nayo." Kijumba cha mbao, cha mapambo ya Krismasi. Kilikuwa kimelala ubavu ndani ya maji.

"Hiyo haikuwa kwenye mchezo."

"Ilikuwa kwenye mto," Brenna akasema.

Cody akamwambia asilie. Hakuwa analia. Alikuwa anachora jedwali. Akaomba tufungulie maji mara tatu kukiwa na magari, mara tatu bila magari, apate wastani. Sikuwa na sababu ya kumkatalia iliyo kwenye kitabu. Kukiwa na magari: ukingo wa ng'ambo umeliwa sentimita tisa. Bila magari: tatu na nusu. Bi Schroer aliweka kalamu chini akaja kusimama karibu.

Kengele ikalia. Swali la nne tumeliruka. Muda haukutosha.

Jumapili, 19 Aprili

Jua la kweli la kwanza mwaka huu. Sikupima mto.

Baada ya ibada, kahawa na kolachi, vile vikate vitamu vya matunda, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Roland akanifuata karibu na birika. Tulisoma darasa moja mimi naye, alikuwa akinakili hesabu zangu.

"Nilikuandikia barua miaka miwili iliyopita," kasema, "ikapotelea hewani. Sasa mtoto kaniandikia kwa mchanga."

Nikamwambia barua haikupotea. Hiyo ndiyo kasoro yake. Niliipiga muhuri, nikaifungulia jalada, nikaliweka kwenye kabati, kwenye rafu ya mambo yanayomsubiri mwenye ardhi. Aliomba magari yatolewe polepole, ukingo ulazwe mteremko, ipandwe mierebi. Duane alipima akasema inawezekana. Mto utachukua ekari nne za bondeni kwetu na kuiacha nyumba ya Gerdes. Lakini lazima mwenye ardhi atie saini. Mwenye ardhi ni Baba. Alikataa, na barua ya kukataa niliichapa mimi. Nilimrekebishia na tahajia.

Mwaka 1996 nyumba ya Roland ilikuwa futi sitini na moja kutoka ukingoni. Sasa ni thelathini na nane. Nimemuuliza wanaishije. Kasema wamehamia kulala chumba cha mbele, mbali na mto, wote wanne, na mkewe anaita hiyo likizo.

Kwenye gari Baba akauliza Roland alikuwa anataka nini.

"Anauliza kama tumepanda mahindi."

"Kwani haoni kutoka kwake?" Baba akasema. "Siku hizi yuko karibu."

Aliona ni mzaha mzuri.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua nyepesi alfajiri, kisha upepo.

Alhamisi jioni ofisi itapokea wageni: bodi, wazazi, watoto na trei yao. Bwana Osterloh amemwalika Baba kuwa mgeni wa heshima. Kuna cheti kingine, chenye fremu. Kinasema: mlinzi wa ukingo kwa miaka thelathini na miwili. Nimekichapa mimi, nani mwingine.

Bwana Osterloh kaona chati ya Brenna, ile ya vipimo vya ukingo, juu ya meza yangu. Kaitazama. Katazama picha ya Baba ukutani. Kaitazama tena chati.

"Mtoto ana rangi nzuri," kasema. "Tunaweza kuitundika. Lakini namba zote hizi za nini? Watu watachoka."

"Namba ndiyo chati, Bwana Osterloh."

"Basi ziwe chache."

Alipoondoka nikachukua kichupa cha wino mweupe wa kufutia. Nilikaa nacho mkononi dakika kumi, mbele ya ile namba tisa. Nikakirudisha kwenye droo. Si ushujaa. Kilikuwa kimekauka.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Mto umepanda inchi saba.

Nimejaribu kumwambia Baba wakati wa chakula.

"Kesho watoto wataonyesha kona yetu."

"Vizuri. Waone kazi."

"Na kona ya Roland."

Akaomba chumvi.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua imekatika saa nane mchana. Mto inchi kumi na moja juu ya Jumanne ile.

Watu kama sitini. Baba mstari wa mbele, tai ya harusi na mazishi. Roland na mkewe nyuma kabisa, karibu na mlango. Chati ukutani, namba zote juu yake. Bwana Osterloh aliiona, akanitazama, nikajishughulisha na vikombe.

Cody akapanga vigari. Brenna akaweka kijumba chake ng'ambo. Maji. Dakika ya nne kijumba kikaanza kuinama, na watu wakageuka kutazama nyuma, kwa Roland, kwa maana hapa kila mtu anajua kona ile ni ya nani na ile ni ya nani. Dakika ya sita kikaanguka.

Baba hakungoja aulizwe. "Mtoto, huo mchanga ni wa dukani. Ukingo wangu ni udongo wa mfinyanzi."

"Ndiyo, babu," Brenna akasema. "Ndiyo maana wako umechukua miaka thelathini na wangu dakika sita."

Mtu mmoja alicheka, akakohoa kuficha kicheko. Nilidhani Baba atasimama atoke. Akainama mbele.

"Umejaribu na mangapi?"

"Kumi na manne. Na sifuri."

"Na hapo katikati?"

Brenna kafikiri. "Kengele ililia."

"Mhandisi haachi kazi kwa kengele," Baba akasema, kwa ukali, kama anamsema mtu wa kwake.

Bwana Osterloh akawashukuru wote kwa haraka na kutangaza kwamba kolachi ziko tayari. Cheti kilitolewa kati ya kahawa na watu kuvaa makoti. Baba alikiacha juu ya kiti. Nikakichukua. Tulipofika darajani akaniambia nipunguze mwendo. Akateremsha kioo akatazama upande wa chini, kwa Gerdes. Kulikuwa na taa chumba cha mbele.

Ijumaa, 24 Aprili

Anga safi, baridi kavu. Mto haujashuka.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kahawa: "Ile trei ofisini, inatakiwa lini?" Nikasema Jumanne. Akasema basi niilete.

Nimeileta kwa pikapu wakati wa chakula cha mchana. Akaiweka bandani kati ya trekta na mashine ya kupandia. Mchanga kaumwaga nje. Kaenda mtoni mwenyewe na ndoo, miaka themanini na moja, kaleta udongo wa ukingo wetu, safari tano, hataki kusaidiwa. Vigari kaviomba kwa simu kwa babu yake Cody. Ameweka njiti za kiberiti ukingoni kuonyesha mwisho wa shamba letu; njiti ikienda, ardhi imeenda. Matokeo anayaandika nyuma ya kalenda ya duka la mbegu. Magari kumi na manne: kijumba kimeanguka. Kumi na mawili: kimeanguka. Kumi: kimeinama.

Niliporudi kutoka kazini, saa kumi na nusu, nikamsikia kwenye simu ya jikoni. Kapiga kwa Gerdes. Hajapiga huko miaka miwili. Hakumtaka Roland. Alimtaka Brenna. Alitaka kujua pampu aliiweka vikombe vingapi kwa dakika.

Saa kumi na moja Roland akamleta. Yeye hakushuka. Alikaa kwenye pikapu yake uani, injini ikinguruma. Nilimpelekea kahawa. Akasema hakai. Nikasema najua. Tukatazama mlango wa banda, sauti zinatoka:

"Babu, unaukandamiza kwa kidole."

"Nautengeneza."

"Mto hauna kidole."

"Na mimi sina haraka. Anza upya."

Roland akanywa kahawa nusu kikombe, akanyoosha mkono, akazima injini.

Manane: kijumba kimesimama kwa shida. Njiti nane za kiberiti zimeenda na maji. Saba: kimesimama vizuri. Njiti kumi na tatu. Baba kasema udongo ulikuwa umelowa mno, matokeo hayo hayahesabiki. Brenna kasema basi na ya kumi na manne yasihesabiwe. Wakarudia. Njiti kumi na tatu. Baba aliziokota kwenye ndoo moja moja, akazipanga juu ya kiganja, akazitazama muda mrefu. Shamba lile alilinunua mwaka niliozaliwa mimi.

Brenna na baba yake wameondoka saa moja na nusu. Roland alisema usiku mwema kwa banda, si kwa mtu.

Baada ya kuosha vyombo nimeitoa fomu ya saini ya mwenye ardhi, ya kukubali magari yatolewe. Niliichapa mchana ofisini, nafasi ya tarehe nimeiacha wazi. Nimeiweka kwenye meza ya kazi bandani pamoja na kalamu. Baba hakugeuka. Ila mlango ulikuwa wazi na upepo ukaanza kuiinua, akachukua kigari kimoja kilicholowa, akakiweka juu yake isipeperuke. Maji yanaenea kwenye mstari wa jina. Ikibidi nitachapa nyingine.

"Sita," akasema. "Halafu basi." Akawasha pampu.

Nimemwachia taa ya nje. Naenda kulala, saa nne kasorobo. Pampu bado inanguruma.