Kiti cha Baba chenye Mikono

Jumatatu, 4 Machi

Meza imekwisha. Viti vitano vimekwisha. Kimebaki cha Baba, na ndicho kinachoninyima usingizi.

Daktari kasema tumrudishe tu nyumbani, hana la zaidi. Baba naye anataka kitu kimoja: kula mezani na sisi, si kitandani kwa kijiko cha Mama. Jana tulimkalisha kwenye kiti cha kawaida. Akateleza upande kama gunia! Kaka akamdaka. Chakula kikapoa, hakuna aliyekula.

Basi kiti chenye mikono, egemeo lilale nyuma kidogo. Nimempima palepale kitandani. Hoi bin taabani, lakini ananisahihisha ninavyoshika futi! Eti naibana mno.

Alhamisi, 7 Machi

Kazi imenoga. Matundu nimechimba kwa patasi, ndimi za mbao zikaingia humo kwa kugongwa kidogo tu. Kabla ya kutia gundi nikampima tena, kwa uhakika.

Amepungua! Wiki haijaisha, na kiti tayari ni kipana. Mama akasema, weka mto mwanangu, tule. Baba kasikia kutoka chumbani: mto ni wa fundi asiyejua kupima! Ndivyo alivyonifundisha tangu nashika randa. Nikafungua kila kitu, nikapunguza mbao za mbele na nyuma, nikachonga ndimi upya. Gundi. Klampu zimekibana, hakiguswi mpaka kesho.

Sijui nacheka nini. Baba anaisha.

Jumapili, 10 Machi

Ilikuwa iwe leo. Kaka kaja na mkewe, wifi kapika, meza imejaa. Nikapeleka kiti chumbani kwanza, tumjaribishe.

Amepungua tena, kinampwaya. Mkono wangu mzima unapita kati ya nyonga yake na mkono wa kiti. Akaegemea upande mmoja, mbao ikamchoma mbavu, akauma meno. Nikasema hapana, leo hapana. Kaka akaja juu: angekaa hata nusu saa, kuna ubaya gani? Nikamwambia anguko la pili atalijibu yeye. Tukapandishiana sauti mbele ya mgonjwa, watu wazima na akili zetu.

Baba ndiye aliyenitetea. “Mwacheni fundi wangu.”

Akalishwa kitandani kwa kijiko. Sisi tukala mezani, kiti chake nimekigeuzia ukutani. Wifi peke yake alisifu meza. Namshukuru, lakini nilitamani anyamaze.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Baba kala vijiko viwili vya supu, basi.

Kaka kapiga simu: cha plastiki chenye mikono kinauzwa kila duka, yeye atanunua. Nikamwambia akakalie mwenyewe, nikakata.

Yuko sahihi. Hilo ndilo linaloniuma. Nimekaa karakana mchana kutwa, sishiki kitu, najiuliza kiti hiki cha nani. Naogopa siku kitakapomkaa sawasawa. Kikiisha, sijui nitaingia chumbani mle na futi kupima nini.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi nimekikata tena. Mara ya mwisho — nimeapa! Gundi nimetia, klampu nimekaza mpaka viganja vikawaka. Safari hii viungo vimekaa kama vimezaliwa hivyo.

Ndiyo kwanza nanawa mikono, Mama huyo, anakuja mbio uani, kiatu mguu mmoja. Baba ameamka! Anaongea. Ana njaa, njaa ya kweli, anataka mezani. Leo. Sasa hivi. Lete kiti, mwanangu.

Nikasema gundi mbichi, Mama. Kesho.

“Kesho ipi?”

Hakuniuliza kwa hasira. Afadhali angenigombeza. Akageuka, akarudi ndani kumwandaa.

Nimempigia Kaka, aje na hicho cha plastiki, aje na chochote. Hapokei. Nimepiga tena. Hapokei. Kwa matusi niliyompa, nami nisingepokea.

Nimekaa chini kando ya kiti, naandika kwa kuwa mikono haijui ifanye nini. Nikizifungua klampu, miguu itaachana Baba akishakaa tu. Nisipozifungua, hana pa kukaa. Nimegusa gundi: inanata kidoleni, kama maziwa mazito.

Nasikia sahani zinapangwa. Sasa Baba ananiita, sauti yake mwenyewe, si ya Mama. Anasema ameshavaa shati.