Kifaranga cha Mfumu

Dada Zainabu, shikamoo. Huku Nkome dagaa wanaanikwa hadi mlangoni. Hata chai inanuka samaki.

Uvimbe umerudi, dada. Safari hii uko kwapani, upande ule ule nilikokatwa titi. Wifi, mwenyeji wangu, akanipeleka kwa mfumu, mganga wa huku. Akapasua kifaranga, akachungulia chini ya bawa, akasema, "Mke mwenzio amekuroga." Kwapa langu hata hakuliangalia! Na nani alimwambia nina mke mwenza? Nilipomgeukia wifi, akainamisha macho.

Mke mwenzangu Mwanahawa huyo huyo ndiye aliyeniosha kidonda mpaka kikafunga. Usimwambie kwamba ametajwa. Wasalimie watoto, na yeye mwambie ajiandae: narudi hospitali, na sitaki mkono mwingine unioshe.

Mdogo wako,
Tatu