Kwa Baba Maryanne, Aliyetusimulia Safari ya Velani

Ni mwaka mmoja Jumanne hii, Baba Maryanne, tangu lori likugonge karibu na Kisaju ukirudi nyumbani kwa pikipiki. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, mvua imeanza kunyunyiza. Chakula chako kilikuwa mezani, kimefunikwa. Mkeo Nzula alikuwa ameshavaa sweta, anangoja tu pikipiki ilie langoni akuachie watoto, akimbilie darasani.

Wanaosoma hapa na hawakukujua, tunawaambia: ulikuwa Melvin Okoth, fundi wa pampu za maji kwenye shamba la maua kule Isinya. Hukuweza kupita mfereji unaovuja. Jumapili moja ulitoka kanisani katikati ya mahubiri, ukarudi suruali imelowa mpaka magoti, na pasta akasema kwenye maikrofoni, "Fundi, Mungu amekuona, sasa keti." Wewe ndiye ulicheka kuliko wote. Ulikuwa mtu wa kucheka hata kabla ya kumaliza mzaha wako mwenyewe.

Ni wewe uliyemrudisha Nzula shule. Alikuwa ameachia kidato cha pili, na aliona haya kuanza tena akiwa mama wa watoto wawili.

"Mtu mzima kama mimi, watanicheka," alikuambia.

"Nani wa kukucheka? Ni mimi tu, na mimi umenizoea."

Basi siku nne kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja unusu hadi saa mbili, Nzula alikuwa kwenye masomo ya jioni pale Kitengela na watoto walikuwa wako. Kuimba nyimbo za watoto hukujua. Ukawaingiza Velani.

Velani ni jina la chombo cha angani, na pia jina la kile kipindi cha TV ulichokipenda tangu ukiwa darasa la tano huko Ugenya, ukikitazama kupitia dirisha la mwalimu jirani. Ndani ya chombo hicho watu elfu mbili wamelazwa kwenye vyumba vya baridi kali, hawazeeki, wanangoja kuamshwa siku watakayofika kwenye dunia mpya. Wachache walio macho ndio wanaokiendesha. Kipindi kilianza kabla hujaota ndevu, kikaisha ukiwa baba wa watu. Misimu ishirini na moja, yote uliipanga kwenye flashi moja. Wanaume wengine huwarithisha watoto timu ya mpira. Wewe ulitaka kuwarithisha Velani.

Shida ilikuwa Kiingereza. Elsie, binti yako mdogo, alikuwa na miaka mitano na hakuelewa kitu. Ukawa unapunguza sauti ya TV na kusimulia mwenyewe, kama wale jamaa wanaotafsiri sinema kwenye vibanda vya video. Nzula akitoka darasani alikuwa anakusikia kutoka langoni. Kapteni Haldo, yule mama mrefu asiyecheka, ulimpa sauti ya chifu akiwa kwenye baraza. Maadui wenye mapezi shingoni waliongea kama mabroka wa ploti: "Madam Kapteni, hii sayari iko na maji, iko na stima, na lami inapita hapo chini!" Viumbe wa barafu wakikutana walisalimiana, "Sopa!" "Epa!" mpaka jirani yetu Naserian, mama yake Tajeu, akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ua, "Mama Maryanne, huyu bwana yako amepeleka Wamaasai mpaka angani!"

Mzee Piri, fundi wa injini, hukumpa sauti ya mtu mwingine. Yeye aliongea kwa sauti yako.

Kuna jambo moja Nzula hakulijua, kwa sababu hakuwahi kukaa chini akatazama nanyi. Kwa Velani yako hakuna aliyekufa. Aliyepigwa risasi, aliyeugua, aliyeangukiwa na chuma, wote ulisema, "Huyu wanampeleka kwa friji alale na wale wengine. Tukifika ataamshwa." Ulifanya hivyo kwa upendo, tunajua. Elsie alikuwa mdogo na machozi yake yalikuwa karibu. Lakini hukupenda kudanganywa ukiwa hai, kwa hivyo hatutakudanganya leo: hapo uliteleza, Baba Maryanne.

Na sisi tukateleza zaidi yako.

Ulikaa mochari siku kumi. Mikutano ya matanga ilifanyika sebuleni kila jioni, watu wakipanga nani atapanda gari gani la kwenda Ugenya. Elsie alizunguka katikati ya viti vya plastiki akibeba sahani za maandazi. Hakuna mtu mzima aliyemketisha akamweleza. Aliokota tu yale waliyokuwa wanaambiana. "Yuko kwa friji pale, wamemtunza vizuri." "Ijumaa asubuhi tunamtoa." Mama yako, Mama Achola, ambaye watoto humwita Dani, ndiye aliyempakata akamwambia, "Baba yako amelala, nyathina, mwanangu." Wakubwa wote tulielewana. Mtoto naye akaelewa kivyake.

Siku mbili kabla ya safari akatokwa na tetekuwanga, ikabidi aachwe kwa Naserian. Hakuona jeneza. Hakuona shimo, wala mtu akirusha udongo. Gari liliporudi Jumatatu alikimbia langoni na vipele vyake, akachungulia kiti baada ya kiti mpaka kile cha nyuma kabisa, kisha akarudi kwa Naserian. Nzula, kwa uchovu, hakumuuliza alikuwa anatafuta nani.

TV ilikaa miezi mitano imefunikwa kitambaa. Likizo ya Agosti, Elsie mwenyewe akaleta rimoti mpaka kwenye cherehani, ambapo Nzula alikuwa akiwashonea watu nguo.

"Mama, tumalizie Velani."

Nzula alifurahi. Aliona mtoto amepata mahali pa kukushika. Akaacha nguo za watu, akaketi kwenye kiti chako, akapunguza sauti kama ulivyokuwa ukifanya, akaanza. "Sasa huyu anasema... ngoja... anasema twendeni upande ule, kwa jina la..."

"Mama! Kapteni wako anaongea kama pasta!" Maryanne alicheka mpaka akaanguka kwenye zulia. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika kwa nyumba hii tangu uondoke.

Elsie hakucheka. Alikuwa na haraka. Sehemu moja ikiisha, "Ingine." Hiyo ikiisha, "Ingine." Misimu iliyobaki aliihesabu kwa vidole. Akiambiwa ngoja kesho, alilia kama mtu aliyeachwa na gari. Siku moja akatoa sweta yako ya bluu kabatini akaitia kwenye beseni. "Ifuliwe, Mama. Atasikia baridi." Nzula akaona ni mapenzi ya mtoto. Akaifua, akaianika.

Alhamisi moja wakafika mwisho wa msimu wa sita, pale Mzee Piri anapoungua akiokoa injini. Nzula alikuwa amesoma Kiingereza cha kutosha kumwelewa daktari wa chombo. Daktari alisema amekufa. Wenzake wakamfunga kwa kitambaa cheupe, wakasimama mstari, wakafungua mlango mdogo na kumwachilia kwenye giza la nje.

"Mama, tafsiri," Elsie akasema.

Maryanne akamsogelea mama yake sikioni. "Sema amepelekwa kwa friji."

"Lakini wamemtoa nje, Maryanne. Si unaona?"

"Baba husema hizo ni nguo chafu wanatupa."

"Kwani wewe ulikuwa unajua?"

"Kitambo. Baba alikuwa ananikonyeza."

Elsie hakuondoa macho kwenye TV. "Hizo ni nguo. Piri ako kwa friji. Wote wataamshwa tukifika mwisho. Na Baba."

"Baba gani?" Nzula akauliza.

"Baba yetu. Si mlisema ako kwa friji? Si mlimtoa Ijumaa mkampeleka kwa Dani? Zimebaki season kumi na tano tu. Weka ingine, Mama."

Hapo ndipo Nzula alipoona yote kwa mara moja: kiti cha nyuma kabisa, vidole, sweta kwenye kamba. Mtoto hakuwa anakukumbuka. Alikuwa anakuja kukuchukua, msimu baada ya msimu.

Angeweza kuendelea. Tunataka ujue hilo, Baba Maryanne, kwamba alishika rimoti na kidole kikawa juu ya kitufe. Maryanne alikuwa anamtazama akimwomba kwa macho. Misimu kumi na tano, kwa mwendo wao, ingewafikisha Krismasi ya mwaka unaofuata, na Elsie angelala vizuri kila siku mpaka wakati huo. Kisha sehemu ya mwisho ingeisha, angevaa viatu, angekaa karibu na mlango.

Nzula akazima TV. Akapiga magoti kwenye zulia.

"Elsie, mami. Piri hajalala. Amekufa. Baba alikuwa anawaambia hivyo ndio msilie. Na Baba mwenyewe amekufa."

"Friji..."

"Friji ya mochari ni ya kutunza mwili mpaka watu wafike. Haiamshi mtu. Ijumaa tulimtoa. Jumamosi tukamzika, kwa Dani, mbele ya nyumba."

"Mlimtoa, na hamkumwamsha?"

"Haamki, mami."

"Mlimwita?"

"Tulimwita. Dani alimwita tangu gari linaingia, kwa majina yake yote. Mimi nilimwita. Hakuitika."

"Mimi hamkunipeleka nimwite," Elsie akasema. "Mimi angeniitikia."

Kisha akampiga mama yake kifuani, ngumi moja baada ya nyingine, na Nzula hakumshika mikono.

Siku tisa hakuongea na Nzula. Alikojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu. Ujumbe wake ulipitia kwa Naserian, juu ya ua: "Mwambie Mama sitaki uji." Mama Achola akapiga simu kutoka Ugenya akiwa amekasirika.

"Mbona ulimwambia? Angejua tu akikua."

"Mama, angejua akiwa ameketi mlangoni, hakuna mtu anakuja."

Mama yako akalia, na Nzula akamngoja amalize. Jioni hiyo Naserian alileta maziwa, akamkuta Nzula ameketi kwenye cherehani bila kushona.

"Nimeharibu mtoto, Mama Tajeu."

"Hujaharibu. Amekukasirikia. Miezi hii yote alikuwa na adabu kama mgeni, hukuona?"

Hakuna aliyekuwa na hakika. Nzula hakuwa nayo pia, na kuna siku kule darasani alisoma ukurasa mmoja mara sita bila kuona neno. Lakini hakurudi nyuma akamwambia mtoto kitu kingine.

Desemba tukaenda Ugenya. Elsie alishuka garini akauliza ni wapi, hata kabla ya kusalimia. Nzula akampeleka. Kaburi lako lilikuwa bado udongo, nyasi zimeanza kushika pembeni.

"Kichwa kiko upande gani?"

Nzula akamwonyesha. Elsie akazunguka akasimama hapo, akainama kidogo.

"Baba!"

Akangoja, kama mtu aliyebisha hodi. Akaita tena. Akaita "Baba Maryanne," halafu "Okoth," halafu "Melvin," halafu yote kwa pamoja, jinsi alivyoambiwa Dani alikuita. Kati ya jina na jina alitega sikio. Watu waliokuwa wakiteremsha mizigo wakasimama. Mama Achola akaja mbio na leso mkononi amwondoe, na Nzula, ambaye hajawahi kumpinga mama mkwe wake mbele ya watu, akamzuia kwa mkono.

"Mama, tafadhali. Muache amwite."

Akaita mpaka sauti ikawa nyembamba. Kisha akamgeukia Nzula.

"Mama, haitiki."

"Ndio, mami."

Akakaa chini kwenye udongo na akakulilia, kwa mara ya kwanza tangu ufe, na bibi yake akaketi pale pale kando yake wakalia pamoja mpaka jua likageuka.

Baba Maryanne, hatuwezi kukuandikia kwamba yamekwisha. Elsie bado huamka na shuka limelowa, na shuleni alimpiga mwenzake aliyesema baba yake atakuja kumchukua. Lakini siku hizi anauliza maswali, na anajibiwa. Velani inaendelea. Tuko msimu wa nane. Nzula anasimulia jinsi anavyosikia, anayekufa anasema amekufa, na wote watatu wanatulia kidogo kabla ya kuendelea. Akikwama neno, Maryanne humwokoa. Mtihani wake ni Novemba, na Kiingereza hakimtishi tena.

Jumapili hii tutaomba pamoja nyumbani Kitengela, saa nane mchana. Waliokupenda wanakaribishwa.

Wanaokukumbuka: mama yako Achola, kule Ugenya, mkeo Nzula, uliyemrudisha shule, jirani zako Naserian na mwanawe Tajeu, binti yako Maryanne, aliyekutunzia siri, na binti yako Elsie, ambaye jina lake sasa liko hapa kwa haki, kwa maana hakungoji tena.

Siku zote tulizobakiwa nazo, tutakukumbuka.