Fomu Yako na Damu Yako

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Mola aliyetuamsha leo. Sisi tu wazima, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Wewe u hali gani? Safari hii siulizi kwa adabu tu, nataka jibu.

Dereva wa lori aliyeleta salamu zako alikuja akicheka, eti moyo unakuchefuka kama mja mzito, hata harufu ya chai huitaki. Mama alicheka pia. Mimi sikucheka.

Unakumbuka ulipokuja likizo, nikakuhoji na kukujazia fomu pale zahanati ninapofanya kazi, kabla hujapewa vile vidonge vya kukukinga na kifua kikuu? Muuguzi akakutoboa kidole, akadondosha damu kwenye karatasi ngumu. Sikujua ni ya nini. Kumbe pombe huacha alama damuni kwa wiki kadhaa, na maabara walikuwa wanapima kama watu husema kweli. Majibu yamerudi jana. Daktari alikuwa anasoma namba, maana majina hayaandikwi, akafika kwenye yako. Akasema fomu inadai huyu hagusi pombe, damu inaonyesha anakunywa karibu kila siku, na vidonge vile vikikutana na pombe huweza kuharibu ini. Kisha akanigeukia: "Mama, huyu alitudanganya. Tusipompata mapema, uongo wake utamuua."

Nilisema naenda msalani. Nikasimama huko nimeshika ukuta.

Ndugu yangu, wewe hukudanganya. Uliniambia chupa nne kwa siku, umeinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyeandika sufuri. Nilijiambia nakusitiri, wenzangu wa ibada wanaofanya kazi pale, waliotuona siku ile, wasije wakaisoma wakajua ni yako, na kwamba nitakuombea mpaka uache. Nimeomba kweli, kila alfajiri. Mungu anisamehe, niliomba huku unameza.

Simu yako haipatikani tangu jana. Ukisoma haya, usimeze kidonge kingine wala usionje pombe. Jitazame macho kwenye kioo cha lori. Yakiwa ya manjano, usingoje hata kufunga mzigo. Dereva anayekuletea barua hii nimemwambia asirudi bila wewe.

Mama anakusalimu sana, bado hajui kitu. Daktari anajua, nimemweleza asubuhi hii, akaninyang'anya fomu zote, na anakungoja. Ukifika usijitetee wala usione haya. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, na safari hii ataandika mwenyewe.

Wako anayekuogopea,
Dada