Uzi wa Pa Houa

Saint Paul, Minnesota

Mdogo wangu Chue,

Mbegu za haradali ulizonitumia zimeota, ingawa sungura wa huku hawana adabu.

Habari kubwa ni ya binti yangu. Pa Houa ameanza chuo kikuu, akiwa na miaka arobaini na moja. Miaka yake ishirini jeshini imempa haki ya kulipiwa masomo, ada na vitabu. Haki hiyo yote alikuwa ameiandikisha kwa jina la mwanawe Kalia, lakini Kalia akakataa.

"Mama, mimi ufadhili ninao. Wewe ndiye uliyekula vumbi. Au unaogopa mitihani?"

"Naogopa watoto wenye mdomo kama wako," Pa Houa akajibu. Hata hivyo, akairudisha kwa jina lake.

Unajua kwa nini aliingia jeshini. Alitaka kusoma, mimi nikamtafutia mume. Akaondoka bila kuaga, nami sikumfunga uzi mkononi, kama tunavyomfunga msafiri ili roho yake isibaki nyuma.

Asubuhi ya kwanza ya chuo nilichemsha yai la kuiita roho yake, nikatoa uzi mweupe. Akanyoosha mkono. Nikauzungusha polepole.

"Kaza, baba, uzi usije ukadondoka darasani."

Nikamfunga nyuzi mbili, mmoja wa siku hiyo na mwingine wa siku ile aliyoondoka. Akautazama ule wa pili kwa muda, akaushushia mkono wa shati taratibu, kisha akachukua mkoba akaenda kusoma.

Ni mimi kaka yako, ninayejivuna bila kificho,
Nhia Pao